Sahihi ya Mzazi Asiyekuwepo: Ridhaa ya Matibabu ya Mtoto Mpakani Illasit

Sheria ya Kenya haina umri mmoja ambao mtoto akiufikia huweza kujiamulia kuhusu matibabu yake. Inao umri wa utu uzima, yaani miaka 18, uliowekwa na sheria ya mwaka 1974 na kuthibitishwa na Kifungu cha 260 cha Katiba ya mwaka 2010, lakini chini ya mstari huo mambo hugawanyika: kipimo cha virusi vya Ukimwi kina kanuni yake, huduma za uzazi zina yake, dharura ina yake, na maradhi ya kawaida, ambayo ndiyo yanayojaza viti vya zahanati kila asubuhi, hayakutajwa popote kwa jina. Mtunga sheria alichagua kuuliza ni huduma gani inayoombwa, badala ya kuuliza mtoto aliyeketi mbele ya mhudumu anaelewa kiasi gani na mzazi wake yuko wapi. Uteuzi huo una gharama, na gharama yenyewe huonekana upesi zaidi katika miji ya mpakani kama Illasit, iliyoko Kajiado Kusini chini ya Mlima Kilimanjaro, ambako ng'ambo ya mpaka ni Tarakea katika wilaya ya Rombo nchini Tanzania, ambako baba na mama wa mtoto mmoja huweza kuwa raia wa nchi mbili, na ambako mzazi anayefuata malisho huweza kukaa mbali na boma kwa majuma mengi.

Ridhaa, kwa maana ya kitabibu, ni zaidi ya kuitikia kwa kichwa. Sehemu ya 9 ya Sheria ya Afya, Namba 21 ya mwaka 2017, inakataza huduma kutolewa bila ridhaa iliyotanguliwa na maelezo, na sehemu ya 8 inayataja maelezo hayo: hali ya afya ya mgonjwa, vipimo na tiba zilizopo, manufaa yake, hatari zake, gharama zake, na haki ya kukataa pamoja na matokeo ya kukataa. Anayetoa ridhaa sharti awe na uwezo wa kisheria wa kuitoa. Ni sharti hili linalomwondoa mtoto katika hesabu, kwa kuwa sheria haikueleza kama uwezo huo unaweza kupatikana kabla ya miaka 18, na wahudumu wengi, kwa kuchelea mashtaka, huchukulia kwamba haupatikani kabisa.

Mgonjwa asipokuwa na uwezo, Sheria ya Afya inapanga watu kwa daraja. Wa kwanza ni yule aliyepewa mamlaka kwa maandishi na mgonjwa mwenyewe, jambo ambalo kwa mtoto halina maana. Pamoja naye yumo aliyepewa mamlaka na sheria au amri ya mahakama, na hapo ndipo mzazi anapoingia, kwa sababu Sheria ya Watoto inayaweka matibabu miongoni mwa wajibu wa mzazi, na Kifungu cha 53 cha Katiba kinaugawa wajibu huo sawasawa kati ya baba na mama, wawe wameoana au hawajaoana. Akikosekana mtu wa aina hiyo, ridhaa huweza kutolewa na ndugu wa karibu. Kipengele hiki cha mwisho hakizungumzwi vya kutosha. Bibi anayelea wajukuu mpakani, ambaye hajawahi kufika mahakamani kuomba ulezi na hana karatasi yoyote ya kumtambulisha, hupata nafasi yake hapa, na mhudumu anayemrudisha nyumbani na mtoto mwenye homa ya mapafu kwa madai kwamba hana hati ya ulezi amesoma nusu ya sheria.

Dharura ina msimamo ulio wazi. Kifungu cha 43(2) cha Katiba kinasema mtu yeyote asinyimwe matibabu ya dharura, na sehemu ya 7 ya Sheria ya Afya inakitoza kituo kinachoshindwa kuyatoa, ilhali kina uwezo, faini isiyozidi shilingi milioni 3. Mtoto aliyeumwa na nyoka akichunga mbuzi, au aliyegongwa na pikipiki katika barabara ya kwenda Taveta, hatibiwi kwa sahihi ya mtu. Anatulizwa, na ikilazimu anapelekwa Loitokitok au mbele zaidi, kwa kuwa sheria inahesabu hata mipango ya rufaa kuwa sehemu ya matibabu hayo.

Lakini kando ya dharura kuna kipengele kingine kipana zaidi, ambacho kinaruhusu huduma bila ridhaa pale ambapo kuchelewa kunaweza kusababisha kifo au madhara ya kiafya yasiyoweza kurekebishwa, mradi mgonjwa hajakataa kwa maneno wala kwa matendo. Chukua mfano wa mtoto aliyenajisiwa. Hafi siku hiyo, damu haimtoki kwa wingi, na kwa jicho la haraka hali yake haionekani kuwa dharura. Hata hivyo dawa za kuzuia maambukizi ya virusi vya Ukimwi baada ya tukio kama hilo zinapaswa kuanzwa ndani ya saa 72, na zikianzwa baadaye hazina faida. Saa 72 ni chache mno kwa baba aliye malishoni, na ni chache zaidi kwa familia ambayo wazee wake wameketi kujadili fidia kabla ya kupeleka habari polisi. Kipengele hiki kinampa mhudumu ruhusa ya kuanza dawa mara moja. Lililo muhimu katika maneno yake ni kwamba kinataja kukataa kwa mgonjwa, wala hakitaji kukataa kwa mzazi. Kwa hiyo mzazi anayekataza, labda kwa sababu mtuhumiwa ni ndugu yake au ni yeye mwenyewe, hana katika maandishi ya kifungu hicho nguvu ya kuzuia.

Sheria ya Kuzuia na Kudhibiti Virusi vya Ukimwi, Namba 14 ya mwaka 2006, inakwenda njia tofauti. Sehemu yake ya 14 inataka ridhaa ya maandishi ya mzazi au mlezi halali kabla ya mtoto kupimwa, kisha inafungua dirisha: mtoto aliye mjamzito, aliyeoa au kuolewa, aliye mzazi, au anayeishi kwa namna inayomweka katika hatari ya kuambukizwa, anaweza kutia sahihi mwenyewe. Wanasheria humwita mtoto wa aina hii mtoto aliyetolewa chini ya mamlaka ya wazazi, yaani ambaye hali ya maisha yake imemfanya ahesabiwe kama mtu mzima kwa jambo fulani ingawa miaka haijatimia. Ni busara ya kiafya: msichana ambaye tayari yumo hatarini asizuiwe kujua hali yake kwa sababu anaogopa kumwambia mama.

Busara hiyo hata hivyo imeandikwa kwa lugha ya wakati uliopita. Tangu Sheria ya Ndoa ya mwaka 2014, ndoa ya mtu aliye chini ya miaka 18 haitambuliki nchini Kenya kwa dini wala kwa mila, na Sheria ya Watoto ya mwaka 2022 inaikataza waziwazi. Bado sheria ya 2006 inampa mtoto aliyeolewa haki ambayo mwenzake wa darasani hana. Kwa maneno mengine, msichana aliyeozwa kinyume cha sheria anapata uhuru wa kujiamulia ambao aliyebaki shuleni anaukosa.

Wizara ya Afya iliona pengo hilo, na mwongozo wa kitaifa wa upimaji wa mwaka 2015 ukaruhusu vijana kuanzia miaka 15 kutoa ridhaa wenyewe. Hatua hiyo imewasaidia wengi, na ni vigumu kuilaumu. Ila mwongozo si sheria. Mwongozo huandikwa na wataalamu wizarani na hubadilishwa na wataalamu wizarani, na pale unapogongana na maneno ya Bunge, ni maneno ya Bunge yanayosimama mbele ya hakimu. Njia ya kuunusuru ni kusema kwamba kijana wa miaka 15 anayekuja kupimwa kwa hiari anaonyesha, kwa kuja kwake, kwamba anajiona yumo hatarini, na hivyo anaingia katika dirisha la sehemu ya 14. Hoja hiyo inakubalika, lakini ni hoja ambayo muuguzi wa zahanati hapaswi kuachiwa aitunge peke yake na kijana akimngoja.

Ng'ambo ya mpaka, Tanzania ilianza na sharti linalofanana na hilo katika sheria yake ya Ukimwi ya mwaka 2008, kisha mwaka 2019 Bunge la Dodoma likaibadili sheria yenyewe na kushusha umri wa ridhaa ya kipimo hadi miaka 15. Matokeo yake ni kwamba mwanafunzi wa miaka 16 akipimwa Tarakea analindwa na sheria ya Bunge, na akipimwa Illasit analindwa na mwongozo. Kwa mwanafunzi mwenyewe tofauti haionekani, kwa kuwa pande zote mbili anapimwa na kupewa majibu. Kwa mhudumu ni tofauti kubwa, kwa kuwa mmoja ana ngao na mwenzake ana waraka.

Hapa ndipo inapoingia sheria inayobishaniwa zaidi. Sheria ya Watoto, Namba 29 ya mwaka 2022, ilianza kutumika Julai mwaka huo na kuifuta ile ya 2001. Kwa jumla ni sheria bora kuliko iliyotangulia: inatambua malezi ya ndugu na kafala ya Kiislamu, inawalinda watoto wenye jinsia tata, na inataka maoni ya mtoto yasikilizwe kulingana na umri na ukomavu wake. Sehemu ya 16 inampa kila mtoto haki ya kiwango cha juu kabisa cha afya kinachoweza kufikiwa, kisha inaning'iniza mwishoni kile ambacho wanasheria hukiita sharti la kuzuia, yaani sentensi inayopunguza upana wa kanuni iliyotangulia: huduma za afya ya uzazi kwa watoto zitatolewa kwa ridhaa bayana ya mzazi au mlezi. Hakuna umri uliotajwa. Hakuna dirisha la mtoto mjamzito wala la aliye mzazi. Hakuna neno juu ya mzazi aliyetoweka, aliyefariki au anayetuhumiwa.

Uzito wa sentensi hiyo fupi hauonekani mpaka huduma za uzazi zihesabiwe moja moja. Vidonge na sindano za kupanga uzazi zimo, na bila shaka ndizo zilizokuwa akilini mwa wabunge. Lakini zimo pia kliniki ya wajawazito, uzazi wenyewe, matunzo baada ya kujifungua, tiba ya magonjwa ya zinaa, na huduma baada ya mimba kuharibika. Msichana wa miaka 16 aliye mjamzito anapofika kliniki, kipimo cha kwanza anachofanyiwa pamoja na cha damu na cha kaswende ni cha virusi vya Ukimwi, ambacho kwa sheria ya 2006 anaweza kukitilia sahihi mwenyewe kwa sababu ni mjamzito. Kliniki yenyewe, kwa sheria ya 2022 ikisomwa neno kwa neno, inahitaji sahihi ya mzazi wake. Akijifungua, mambo hupinduka tena. Kifungu cha 53 cha Katiba hakikuweka umri wa kuwa mama, kwa hiyo yeye ndiye mwenye wajibu wa mzazi kwa mtoto aliyemzaa, ndiye anayempeleka chanjo ya kifua kikuu na polio, na ndiye anayekubali mtoto afanyiwe upasuaji mdogo ikilazimu. Anaweza kuamua kuhusu mwili wa mwanawe, wala hawezi kuamua kuhusu nyuzi za mshono wake mwenyewe. Hakuna anayeweza kuamini kwamba Bunge lilikusudia hivyo. Lakini ndivyo lilivyoandika.

Utafiti wa kitaifa wa afya na idadi ya watu wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba asilimia 15 ya wasichana wa Kenya wenye umri wa miaka 15 hadi 19 walikuwa wameshapata mimba angalau mara moja. Msichana wa mfano uliotangulia, kwa hiyo, si wa kubuniwa kwa ajili ya hoja, bali ni mmoja kati ya wengi wanaopanga foleni katika kliniki za Kajiado.

Ingekuwa kosa kuwadharau waliolitaka sharti hilo. Kabla yake, Mswada wa Huduma za Afya ya Uzazi wa mwaka 2019, ulioletwa Seneti na Susan Kihika, ulikuwa umepingwa vikali na viongozi wa makanisa na makundi ya wazazi, waliouona kama njia ya serikali kuingia baina ya mzazi na mwanawe katika jambo zito kuliko yote. Hofu yao ina mizizi halisi. Mzazi ndiye atakayelea mjukuu, ndiye atakayekesha mtoto akipatwa na madhara ya dawa, na mara nyingi ndiye pekee anayeijua historia ya maradhi ya ukoo. Kumwondoa kabisa ni kumwondolea mtoto msaada wake mkubwa kuliko wote. Tatizo la sharti la 2022 ni kwamba linamwazia mzazi wa aina moja tu, aliye hai, aliye karibu, anayezungumza na mwanawe na asiye na hatia, kisha linamtoza mtoto adhabu anapokuwa na mzazi wa aina nyingine. Wakati huohuo sharti halifiki kule ambako vijana wengi huenda kwanza: vidonge vya kuzuia mimba baada ya tendo, ambavyo vijana huviita P2, aghalabu hununuliwa katika maduka ya dawa ya Kitengela na ya miji midogo pasipo mnunuzi kuulizwa umri. Sheria imefunga mlango wa zahanati, penye muuguzi wa kutoa ushauri, na kuacha wazi mlango wa duka, pasipo na ushauri wowote.

Kuna pia utata wa sheria ya jinai. Sheria ya Makosa ya Kijinsia ya mwaka 2006 inahesabu tendo la ndoa na mtu yeyote aliye chini ya miaka 18 kuwa unajisi, hata kama amekubali, na Mahakama ya Rufaa mwaka 2019 ilisema wakati umefika wa kuutafakari upya umri huo kwa kuzingatia vijana wanaokaribia utu uzima. Bunge halikuitikia mara moja. Kwa hiyo kijana wa miaka 17 anayeomba kinga anaonekana, kwa macho ya sheria mbili kwa pamoja, kama mtoto asiyeweza kuridhia dawa na kama ushahidi wa kosa la mtu mwingine, pengine wa rafiki wa rika lake.

Nchi nyingine zimejaribu njia nyingi. Uingereza ilikabiliana na swali hili mahakamani, pale Victoria Gillick, mama wa watoto kumi, alipopinga waraka wa serikali ulioruhusu madaktari kuwapa wasichana walio chini ya miaka 16 dawa za kupanga uzazi bila wazazi kujua. Alishindwa katika mahakama ya kwanza, akashinda katika rufaa, kisha Oktoba 1985 majaji watatu dhidi ya wawili wa Baraza la Mabwana wakamkatalia. Kanuni waliyoiacha ni kwamba mamlaka ya mzazi hupungua kadiri ufahamu wa mtoto unavyoongezeka, na mtoto anayeielewa tiba kikamilifu, pamoja na matokeo yake, anaweza kuiridhia. Uamuzi huo hauzifungi mahakama za Kenya, ingawa majaji wa Kenya wamezoea kuusikiliza uzoefu wa Uingereza. Udhaifu wake ni kwamba unamwachia daktari kupima ukomavu, na upimaji huo hutegemea muda na faragha, vitu ambavyo zahanati yenye muuguzi mmoja haina kwa wingi.

Afrika Kusini ilichagua kuandika umri. Sheria yake ya Watoto, Namba 38 ya mwaka 2005, inamruhusu mtoto wa miaka 12 mwenye ukomavu wa kutosha kuridhia matibabu, humtaka asaidiwe na mzazi kwa upasuaji, na humpa njia yake katika kipimo cha virusi na katika kupanga uzazi. Marekani inaonyesha mwelekeo wa kinyume, kwa kuwa kule kila jimbo hutunga sheria yake: mwaka 2024 jimbo la Idaho lilipitisha sheria inayotaka ridhaa ya mzazi kwa karibu kila huduma ya afya ya mtoto, isipokuwa hali chache. Mfumo wa Kenya hauruhusu tofauti za namna hiyo. Jedwali la Nne la Katiba limezipa kaunti hospitali, zahanati na magari ya wagonjwa, lakini uwezo wa mtu kisheria ni jambo la Bunge la kitaifa. Serikali ya Kaunti ya Kajiado inaweza kumwajiri muuguzi wa Illasit na kumjengea chumba cha faragha, wala haiwezi kumshushia umri wa ridhaa hata kwa siku moja.

Upo upande wa pili wa mamlaka ya mzazi, nao unaeleweka vizuri zaidi Umaasaini kuliko Nairobi: mambo ambayo mzazi hawezi kuyaridhia hata akitaka. Sheria ya Kuharamisha Ukeketaji, Namba 32 ya mwaka 2011, haijali ridhaa ya yeyote. Aliyekeketwa akisema alikubali, si utetezi. Mzazi akisema aliruhusu, ameungama. Mwaka 2021 Mahakama Kuu iliitupilia mbali kesi ya daktari Tatu Kamau, aliyedai kwamba angalau mwanamke mtu mzima aachiwe hiari yake. Sheria hiyo inafuata wahusika hata nje ya nchi, kwa kuwa inamwadhibu Mkenya anayemvusha msichana kwenda kukeketwa kwingine. Jambo hili lina uzito maalumu Illasit, kwa sababu upande wa Tanzania sheria ya mwaka 1998 inaharamisha ukeketaji wa aliye chini ya miaka 18 tu, na mpaka wenyewe, kwa anayeijua njia ya mguu, si kizuizi.

Nice Nailantei Leng'ete, mzaliwa wa Kimana, eneo lilelile la Kajiado Kusini, alikuwa yatima aliyelelewa na jamaa alipokataa kukeketwa akiwa mtoto, akakimbia, na hatimaye babu yake akamwachia. Baadaye akawa sauti ya kampeni za shirika la Amref za kuendesha unyago wa wasichana bila kisu, na mwaka 2018 jarida la Time likamweka katika orodha yake ya watu 100 wenye ushawishi. Kisa chake kinajulikana zaidi kama kisa cha mila. Kisheria ni kisa cha mtoto aliyeelewa mwili wake kuliko waliokuwa na mamlaka juu yake, na ni vigumu kuona kwa nini sheria inayoheshimu uelewa huo anapokataa kisu iupuuze anapoomba dawa.

Sheria ya Watoto ya 2022 inaendeleza mantiki hiyo katika sehemu ya 23, inayokataza pia tohara ya lazima ya mvulana na kuondoa au kubadili viungo vya mtoto mwenye jinsia tata pasipo ushauri wa mtaalamu wa jenetiki. Kipengele cha mwisho kina asili yake katika kesi ya mtoto aliyeitwa kwa herufi A tu, ambayo Jaji Isaac Lenaola aliiamua Desemba 2014 akiitaka serikali kuweka utaratibu wa kuwalinda watoto hao. Sensa ya 2019 ikawahesabu watu wa jinsia tata kwa mara ya kwanza, 1,524. Kuhusu tohara, neno la lazima lina maana kubwa: mvulana wa miaka 14 akisema hataki, sahihi ya baba haitoshi tena. Kwa hiyo sheria ileile ambayo katika sehemu ya 16 haisikii sauti ya mtoto inaisikia vizuri kurasa chache mbele, ilimradi sauti hiyo inasema hapana.

Hadi Bunge au mahakama ziyapatanishe haya, kazi inabaki kwa mhudumu, na swali lake la kila siku ni dogo kuliko nadharia zote: baba yuko malishoni, mama yuko sokoni Tarakea, bibi yuko hapa, ridhaa itapatikanaje? Wakati wa ukame wa mwaka 2020 hadi 2022, mvua zilipokosekana misimu mitano mfululizo, mifugo na wachungaji walihama mbali, na hali kama hiyo ikawa ya kawaida. Hapa maandishi ya sheria yana msaada usiotarajiwa. Sheria ya Ukimwi ilipotaka maandishi ilisema maandishi; Sheria ya Watoto ilitaka ridhaa bayana, ikaishia hapo. Ridhaa iliyotamkwa kwa simu, baada ya mhudumu kumweleza mzazi tiba na hatari zake kwa lugha anayoielewa, iwe Kimaasai au Kiswahili, ni bayana, na inathibitika ikiwa jina la mzazi, namba yake, saa ya mazungumzo na jina la mhudumu wa pili aliyesikia vimeandikwa katika faili. Waziri husika anayo mamlaka ya kutunga kanuni chini ya sheria hiyo. Aya moja ya kanuni ingetosha kusema kwamba simu inakubalika. Ya pili ingesema kwamba kliniki ya wajawazito haimngojei mzazi. Na ya tatu, ambayo ndiyo ngumu na ndiyo ya haraka zaidi, ingemtaja anayesimama mahali pa mzazi anayetuhumiwa, awe bibi, afisa wa watoto wa kaunti ndogo, au hakimu wa zamu, na kumpa saa za kujibu zisizozidi zile ambazo dawa inaruhusu.